Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Rekodi za Mazungumzo ya Waandishi katika Matamasha ya Kikanda

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasikilizaji, walimu, watafiti na waandishi wenyewe wanaozitumia rekodi za mazungumzo yaliyofanyika jukwaani katika matamasha ya waandishi. Yametokana na miaka mingi ya kuzisikiliza, kuzihariri na kuzinukuu rekodi za aina hii, na pale ambapo nina msimamo wangu nimeusema waziwazi ili msomaji aupime.

Mazungumzo haya yanatofautianaje na mahojiano ya redioni?

Katika tamasha, mwandishi huketi jukwaani na mwendesha mazungumzo ambaye, mambo yakienda inavyotakiwa, amekisoma kitabu chote na si jalada lake tu. Huzungumza kwa muda unaokaribia saa moja, mwandishi husoma kipande cha kazi yake, kisha hadhira hupewa nafasi ya kuuliza. Mahojiano ya redioni hupangwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na ndiyo maana kila kitu huelezwa tangu mwanzo na ukimya huogopwa. Mazungumzo ya jukwaani hulenga watu waliomo ukumbini, ambao mwandishi anawaona nyuso, na kwa hiyo hubadilisha mwelekeo wa kauli yake akiona wamecheka au wamenyamaza. Anayesikiliza rekodi baadaye ni kama mtu aliyeketi barazani jirani na kusikia maongezi ya upande wa pili: anayafaidi, lakini lazima akumbuke kwamba hakuwa yeye aliyekuwa akiambiwa.

Ikiwa kitabu ninacho, kwa nini nisikilize mwandishi akikizungumzia?

Kwa sababu kitabu hukuonyesha uamuzi wa mwisho tu, ilhali mazungumzo hukuonyesha njia iliyoelekea kwenye uamuzi huo. Humsikia mwandishi akieleza sura aliyoitupa, mhusika aliyekataa kufa pale alipopangiwa, au neno lililomsumbua kwa wiki kadhaa. Zaidi ya hayo, kuna sauti yenyewe. Mshairi anaposoma shairi lake, pumzi yake huonyesha mahali anapouona mstari ukikatika, na mara nyingi si pale ambapo jicho la msomaji lingekatia. Mwandishi wa riwaya akiyasoma majibizano ya wahusika wake hutuonyesha nani kati yao alipaswa kuonekana mpole na nani mkali. Hata hivyo, mwandishi si msomaji wa mwisho wa kazi yake, na mtu asiache tafsiri yake nzuri ya kitabu kwa sababu tu mwenye kitabu alisema jambo tofauti jioni moja jukwaani.

Desturi ya kuwarekodi waandishi ina umri gani?

Ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza mwaka 1943 kukusanya rekodi za sauti za waandishi wakisoma kazi zao wenyewe kwa Kihispania, Kireno na lugha nyingine za Amerika ya Kilatini, Uhispania na Ureno, na mkusanyo huo umeendelea kukua hadi zama hizi. Matamasha nayo yalikuja kwa mawimbi: lile la Cheltenham nchini Uingereza lilianza mwaka 1949, Wiki ya Waandishi ya Adelaide nchini Australia mwaka 1960, tamasha la Edinburgh la vitabu mwaka 1983, la Hay-on-Wye huko Wales mwaka 1988, na la Jaipur nchini India mwaka 2006.

Kwa Afrika, mwaka wa kukumbukwa ni 1962. Mwezi Juni mwaka huo waandishi kutoka pande mbalimbali za bara walikutana Makerere, Kampala, na katika mwaka huohuo kulianzishwa London kituo kilichoitwa Transcription Centre, ambacho kazi yake ilikuwa kurekodi na kusambaza vipindi vya redio na mahojiano ya waandishi na wasanii wa Kiafrika. Vijana waliokuwa na kitabu kimoja tu mkononi, au hata hawajakimaliza, walinaswa sauti kabla hawajawa majina makubwa. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize kwamba mwandishi mchanga arekodiwe kwa uangalifu uleule anaorekodiwa nao mwandishi mwenye tuzo: siku ile ya mazungumzo hakuna ajuaye nani atatafutwa miaka sitini baadaye.

Tamasha la kikanda lina nini ambacho tamasha kubwa la kimataifa halina?

Lina waandishi ambao hawatarekodiwa mahali pengine popote. Mwandishi mashuhuri huulizwa maswali yaleyale katika miji ishirini, na rekodi moja ikipotea nyingine zipo. Mwandishi anayechapishwa na mchapishaji mdogo, anayeandika kwa lugha ya eneo lake, huenda akapanda jukwaani mara mbili tu katika uhai wake. Rekodi ya mazungumzo yake yaweza kuwa ndiyo maelezo pekee marefu aliyowahi kuyatoa kuhusu kazi yake. Kwa hiyo thamani ya hifadhi ya tamasha la kikanda haipimwi kwa idadi ya watazamaji.

Mbona rekodi nyingine hazisikiki vizuri, hasa maswali ya hadhira?

Sababu kubwa ni umbali kati ya mdomo na kipaza sauti. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa takribani desibeli 6, lakini mwangwi wa ukumbi haupungui kwa kiasi hicho. Matokeo yake maneno huzama ndani ya mwangwi. Rekodi iliyonaswa na simu iliyowekwa safu ya tano haiwezi kuokolewa kikamilifu na programu yoyote. Njia iliyo bora ni kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, kila mzungumzaji akiwa na kipaza sauti chake, kisha kuongeza kipaza sauti kingine kinachoelekea ukumbini ili vicheko na makofi visikike. Bila hicho cha mwisho, mwandishi husikika akitulia katikati ya sentensi pasipo sababu, ilhali ukumbini watu walikuwa wakicheka.

Maswali ya hadhira hupotea kwa sababu muulizaji hangoji kipaza sauti kimfikie, akiamini kwamba sauti yake inatosha. Inatosha kwa waliomo ukumbini, wala haitoshi kwa rekodi. Mwendesha mazungumzo mzoefu hulirudia swali kwa ufupi kabla ya jibu kutolewa, na jambo hilo dogo linafaa kuandikwa katika maelekezo anayopewa kabla ya kupanda jukwaani.

Je, rekodi huhaririwa kabla ya kutolewa?

Karibu zote huhaririwa kwa kiasi fulani. Kuondoa matangazo ya mwanzo, kikohozi kirefu na dakika ambayo fundi alikuwa akibadilisha betri hakuleti ubishi. Tatizo huanza uhariri unapogusa maana. Tuchukulie kwamba mwandishi amesema, “Sikuwahi kuamini kwamba hadithi inaweza kumbadili mtu, mpaka nilipopokea barua ya msomaji mmoja.” Mhariri anayetafuta kipande kifupi cha kuvutia akikata baada ya neno “mtu”, amemfanya mwandishi aseme kinyume cha alichosema, na amefanya hivyo bila kubadilisha hata silabi moja.

Msimamo wangu ni kwamba pawe na matoleo mawili: nakala kamili isiyoguswa inayohifadhiwa, na nakala iliyohaririwa inayosikilizwa na umma, ambayo maelezo yake yaseme kwamba imefupishwa. Ukimya nao usifyekwe ovyo. Mwandishi aliyeulizwa kuhusu kifo cha mzazi wake akakaa kimya kwa sekunde tisa amejibu kwa ukimya huo, na mhariri anayeubana kuwa sekunde moja ili kuokoa muda amelipoteza jibu lenyewe.

Nani mwenye haki juu ya rekodi?

Hapa kuna tabaka kadhaa za haki, na kuzichanganya ndiko chanzo cha migogoro mingi. Kipande kilichosomwa kutoka kitabuni kinalindwa na hakimiliki ya kitabu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, humpa mwandishi haki ya kuruhusu kazi yake isomwe hadharani na usomaji huo ufikishwe kwa umma. Mara nyingi mwandishi ameshaikabidhi sehemu ya haki hizo kwa mchapishaji, na ndiyo maana baadhi ya matamasha huomba ruhusa ya mchapishaji pia, au huweka kikomo cha dakika za kusoma.

Maneno aliyoyasema papo kwa papo ni tabaka la pili. Mkataba huo unaziachia nchi ziamue iwapo kazi italindwa kabla ya kunaswa katika umbo fulani, na vilevile unaziruhusu kuweka masharti ya jinsi mihadhara na hotuba za hadharani zinavyoweza kuripotiwa na vyombo vya habari, huku ukimwachia mzungumzaji mwenyewe haki ya kuzikusanya hotuba zake kuwa kitabu. Tabaka la tatu ni la aliyeifanya rekodi, ambaye analindwa na hakishiriki, yaani haki zinazoambatana na hakimiliki. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 unawataja watendaji wa sanaa, watayarishaji wa rekodi za sauti na mashirika ya utangazaji. Mwendesha mazungumzo, ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ameyatunga maswali yake na anastahili kuombwa ridhaa. Kwa kuwa kila nchi ina sheria yake, tamasha makini haliachi mambo haya kwenye dhana: kila anayepanda jukwaani husaini fomu ya ridhaa inayosema rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na kama inaweza kukatwa vipande.

Je, mwandishi anaweza kuomba sehemu ya mazungumzo iondolewe?

Anaweza kuomba, na ombi lake lisikilizwe kwa heshima. Kuna wakati mwandishi ametaja jina la ndugu ambaye hakuridhia, au ametoa siri ya mtu aliye hai. Hapo sioni sababu ya kubishana. Ombi la kufuta kauli kwa sababu tu imezua mjadala ni gumu zaidi, kwa kuwa watu mia mbili waliisikia. Mimi hupendelea kauli ibaki na maelezo ya mwandishi yaambatishwe, akieleza kwamba amebadili mawazo.

Ninaweza kunukuu kutoka kwenye rekodi katika insha au tasnifu yangu?

Ndiyo. Ibara ya 10 ya Mkataba wa Berne inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kihalali, mradi nukuu isizidi kiasi kinachohitajiwa na lengo lake, iendane na desturi za haki, na chanzo pamoja na jina la mwenye kauli vitajwe. Kwa rekodi, kutaja chanzo ni kueleza jina la mzungumzaji, jina la mwendesha mazungumzo, tamasha, mahali, tarehe ya mazungumzo yenyewe (si tarehe ambayo rekodi iliwekwa mtandaoni) na dakika na sekunde ambapo kauli inaanzia. Dakika ndiyo inayosahauliwa sana, na bila hiyo anayetaka kuhakiki hulazimika kusikiliza saa nzima.

Nawasihi wanaonukuu wafanye jambo moja zaidi: wasikilize walau dakika tano kabla na dakika tano baada ya kauli wanayoitaka. Mtu akizungumza hujisahihisha. Husema jambo kwa ukali, huliona limezidi, hulirudia kwa upole dakika mbili baadaye baada ya swali lingine. Katika maandishi angeifuta ile kauli ya kwanza. Katika mazungumzo zote mbili zimebaki, na msomi mwaminifu huzichukua zote mbili. Nimewahi kunukuu kauli ya kwanza peke yake, nikaiona ikirudiwa na wengine walioniamini, na kuisahihisha kulinichukua muda mrefu kuliko kuisikiliza rekodi nzima.

Je, maandishi yanayotolewa na mashine yanategemewa?

Yanasaidia kutafuta mahali pa kuanzia, lakini hayatoshi kunukuu. Mashine hukosea zaidi majina ya watu, ya mahali na ya vitabu, yaani hasa yale ambayo mtafiti anayahitaji. Katika Kiswahili kuna mtego mwingine: swali na kauli mara nyingi hutofautiana kwa kiimbo tu. “Umekisoma kitabu chake” yaweza kuwa taarifa, swali, au mshangao, na sikio pekee ndilo linalojua. Alama ikiwekwa vibaya, mwendesha mazungumzo aliyekuwa akiuliza huonekana akithibitisha. Vilevile, wazungumzaji wanaochanganya lugha mbili katika sentensi moja huichanganya mashine kabisa, na pale ambapo lugha inabadilika ndipo mara nyingi penye utamu wa mazungumzo.

Unukuzi wa mkono wa saa moja ya sauti huchukua kwa kawaida saa nne hadi sita, na zaidi pale wazungumzaji wanapokatizana. Kazi hiyo ilipwe kama kazi. Jambo la kuamua mapema ni kama unukuzi utakuwa neno kwa neno, pamoja na kusitasita kote, au utasafishwa. Vyovyote iwavyo, msomaji aambiwe.

Mazungumzo yaliyofanywa kwa zaidi ya lugha moja huhifadhiwaje?

Kila lugha irekodiwe kando, katika mkondo wake wa sauti. Kosa la kawaida ni kurekodi sauti ya mkalimani tu kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikisikika ukumbini, na mwandishi akabaki akinong’ona nyuma yake. Mkalimani hufanya kazi nzito bila muda wa kufikiri, na kauli yake isichukuliwe kuwa maneno ya mwandishi. Chukua mfano wa kiambishi chetu cha nafsi ya tatu: “alimwandikia” haielezi kama ni mwanamume au mwanamke aliyeandika wala aliyeandikiwa. Mkalimani anayepeleka sentensi hiyo katika lugha inayotenganisha jinsia hulazimika kuchagua mara moja, na huenda mwandishi alikuwa ameificha jinsia kwa makusudi. Sauti ya asili ikiwepo, uamuzi huo unaweza kukaguliwa. Isipokuwepo, umekuwa wa kudumu.

Watu wenye ulemavu wa kusikia au wa kuona wanahudumiwaje?

Kwa viziwi, video iwe na maandishi yanayokwenda sambamba na maneno, yanayomtaja anayezungumza na kuonyesha vicheko na makofi. Na kama mkalimani wa lugha ya alama alikuwepo jukwaani, kamera isimkate. Kwa wasioona, sauti yenyewe inatosha mara nyingi, ila mwendesha mazungumzo aeleze kwa maneno kile kinachoonyeshwa, kwa mfano jalada au picha. Kuhusu vitabu vinavyozungumziwa, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaziwezesha nchi zilizouridhia kutengeneza na kubadilishana nakala zinazosomeka na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara.

Rekodi ihifadhiwe katika umbo gani ili idumu?

Nakala kuu iwe ya sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha angalau kilohezi 48 na biti 24, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA. Saa moja ya sauti ya njia mbili kwa kiwango hicho huchukua takribani gigabaiti 1. Nakala ya kusikilizwa, iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 58 kwa saa. Mazungumzo arobaini ya tamasha moja, kwa hiyo, huingia katika diski ndogo, na sababu ya kwamba nakala kuu ni kubwa mno haikubaliki tena.

Diski moja haitoshi. Kanuni inayofuatwa na watunza kumbukumbu ni nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kuiweka video katika mtandao wa kampuni fulani ni kuisambaza, wala si kuihifadhi, kwa kuwa kampuni hubana faili, hubadili masharti, na akaunti hufungwa. Faili nazo zipewe majina yanayoeleweka. Faili iitwayo “rekodi mpya ya mwisho 2” ni sawa na kitabu kisicho na jalada. Tarehe, jina la mwandishi na ukumbi vitangulie, na orodha tofauti ieleze waliozungumza, lugha, vitabu vilivyotajwa na hali ya ridhaa.

Tuna kaseti za matamasha ya zamani. Tufanye nini?

Zihamishiwe kwenye dijitali sasa, bila kungoja fedha za mradi mkubwa. Wataalamu wa hifadhi za sauti walikuwa wamekwisha kuonya kwamba baada ya takriban mwaka 2025 kuzisoma kanda za sumaku kungekuwa kugumu na ghali sana, kwa sababu utepe unaharibika na, zaidi ya hapo, mashine nzima za kuuchezea, vipuri vyake na mafundi wake vinatoweka. Kaseti iliyokaa mahali pa unyevu isichezwe kwa majaribio. Utepe wake unaweza kunata na kubanduka, na mchezo huo mmoja ukawa wa mwisho. Mpelekee fundi anayejua. Anzeni na zile ambazo mzungumzaji amefariki au ambazo hamjui kama zina nakala pengine. Kabla ya kutupa kasha, lipigeni picha pande zote, kwa maana mwandiko uliomo ndani mara nyingi ndio pekee unaotaja tarehe na majina.

Mwalimu anaweza kuzitumiaje darasani?

Kipande cha dakika sita hadi nane, kilichochaguliwa vizuri, huzaa matunda kuliko saa nzima. Wanafunzi wasome kwanza ukurasa ambao mwandishi anauzungumzia, wauandikie maoni yao, ndipo wasikilize. Mpangilio ukigeuzwa, hurudia tu alichosema mwandishi na mjadala hufa hapohapo.

Nianzie wapi ikiwa sijawahi kusikiliza rekodi hata moja?

Anza na mwandishi ambaye umekisoma kitabu chake kimoja hadi mwisho, na uchague mazungumzo yaliyofanyika karibu na mwaka kilipotoka, wakati mwandishi hajachoka kuulizwa. Kisha mtafute mwandishi huyohuyo miaka kumi baadaye, kama rekodi ipo, na usikilize jinsi anavyokijibu kitabu kilekile. Iwapo unaweza kuchagua, acha video na usikilize sauti peke yake, na usiruke usomaji ili ufike haraka kwenye maswali.